Mbuzi amepona, dawa bado imo mwilini

Na Mwandishi Wetu

MBUZI akiugua katika kijiji kama Mandawa, wilayani Ruangwa, mara nyingi mwenye mbuzi huanzia dukani. Anaeleza dalili, anauziwa chupa ya OTC na bomba la sindano, anarudi nyumbani na kumdunga mwenyewe. Mbuzi akipata nafuu, mambo yamekwisha. Asipopata, mwenye mali humtazama siku moja au mbili, akiona macho yanalegea anawahi kisu kabla hajawa kibudu. Nyama inakatwa mafungu, majirani wanachukua, wengine kwa mkopo wa kulipwa korosho zikiuzwa. Ini na figo, kwa kuwa ni laini, anapelekewa bibi aliye mgonjwa.

Kila mtu hapo ana sababu zake. Mwenye mbuzi ameokoa mtaji, na majirani wamepata kitoweo kwa bei nafuu. Lakini bibi amepewa viungo viwili ambavyo siku hiyo vilikuwa na dawa nyingi kuliko mnofu wowote wa mbuzi yule, kwa sababu kazi ya viungo hivyo ni kuitoa dawa mwilini, na kazi ilikuwa bado haijamalizika.

Ndugu mfugaji, na wewe mchuuzi unayenunua mbuzi, kuku, maziwa na mayai vijijini kupeleka Ruangwa mjini au Nachingwea, kazi hiyo ya ini na figo inagusa mfuko wako moja kwa moja. Ndiyo inayoamua ni siku gani mnyama aliyetibiwa anakuwa tena bidhaa ya kuuza.

Ini na figo zikiwa kazini

Dawa yoyote, iwe ya mtu au ya mnyama, ikishaingia kwenye damu huzunguka mwili mzima. Mwili haujui kuwa hii ni dawa. Kwake ni kitu kigeni kinachotakiwa kuondoka. Ini ndilo linaloanza: hubadilisha dawa nyingi, hasa zile zinazopenda kukaa kwenye mafuta, ziwe katika hali ya kuyeyuka kwenye maji. Zikishakuwa hivyo, figo huzichuja na kuzitoa kwa mkojo. Nyingine humwagwa na ini kwenye nyongo, zikapita utumbo na kutoka na kinyesi. Kiasi fulani hutoka kwa maziwa kwa mnyama anayekamuliwa, na kwa mayai kwa kuku anayetaga. Huko tutarudi, maana ndiko kwenye fedha.

Si dawa zote zinazobadilishwa na ini. OTC, ambayo jina lake kamili ni oksitetrasaiklini, hutoka karibu kama ilivyoingia, sehemu kubwa kwa mkojo na nyingine kwa nyongo na kinyesi. Kiasi kingine hung'ang'ania kalsiamu iliyo kwenye mifupa na meno. Ndiyo maana hospitalini dawa za jamii hiyo kwa kawaida hawapewi wajawazito wala watoto wadogo, maana meno ya mtoto yangeota na rangi ya manjano au kahawia isiyofutika.

Kasi ya kutoka kwa dawa wataalamu huipima kwa nusu. Chukua mfano wa deni dukani. Unadaiwa Sh10,000 na mmekubaliana kila wiki ulipe nusu ya kilichobaki. Wiki ya kwanza unabakiza Sh5,000, ya pili Sh2,500, ya tatu Sh1,250, ya nne Sh625, na ya tano kiasi cha Sh312. Kwa hesabu hiyo deni haliishi kabisa, ila linafika mahali mwenye duka mwenyewe anasema basi, yaliyobaki hayana maana. Mwili nao unalipa vivyo hivyo. Kuna dawa ambayo nusu yake hutoka ndani ya dakika, na kuna ambayo nusu yake huchukua wiki.

Wakazi wa kusini wameyaona haya kwa miili yao wenyewe. Klorokwini, ambayo Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ilikuwa haitoki haraka, na wengi wanaukumbuka mwasho wake. SP iliyoshika nafasi yake ilitolewa kwa dozi moja tu kwa sababu ilidumu mwilini kwa wiki kadhaa. Ni kwa sababu hiyo pia watafiti wa Ifakara, katikati ya miaka ya 2000, waliijaribu kama kinga kwa watoto wachanga waliofika kwenye chanjo katika wilaya 5 za Lindi na Mtwara, zikiwemo Ruangwa na Nachingwea. Kisha mwaka 2006 ikachaguliwa dawa mseto, ALu. Sehemu yake moja hutoka mwilini kwa saa chache tu, ndiyo maana ni lazima irudiwe asubuhi na jioni kwa siku 3. Sehemu ya pili hubaki siku kadhaa kumalizia vimelea vilivyosalia.

Homa hushuka siku ya pili na dawa bado imo. Kupona na dawa kutoka mwilini ni mambo mawili yenye ratiba tofauti, na kwa mbuzi ni hivyo hivyo.

Aidha, kila mnyama ana kasi yake. Mbuzi huziondoa baadhi ya dawa za minyoo, kama albendazole, haraka kuliko kondoo. Mtu anayempa mbuzi kipimo cha kondoo anaweza kulaumu dawa kuwa ni feki kumbe imetoka kabla haijamaliza kazi. Mwulize bwana mifugo kipimo cha mbuzi, usikadirie. Na kwa wenye paka wa kulinda ghala: ini la paka haliwezi kuiondoa panadol, kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Siku zilizoandikwa kwenye chupa

Kwenye lebo ya dawa ya mifugo, mara nyingi chini kabisa na kwa herufi ndogo, kuna maelezo ya muda wa kusubiri: siku ambazo nyama, maziwa au mayai ya mnyama huyo hayatakiwi kuliwa wala kuuzwa, kuanzia sindano ya mwisho. Siku hizo hazikutungwa na serikali ili kumsumbua mfugaji. Zilipatikana kwa kuwadunga wanyama wazima kipimo sahihi, kisha kupima nyama, ini, figo na maziwa siku baada ya siku mpaka deni likafika pale pa kusema basi.

Na pale pa kusema basi pana namba. Kwa OTC, viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu mikrogramu 200 katika kilo moja ya nyama, 600 katika kilo ya ini na 1,200 katika kilo ya figo. Figo imeruhusiwa mara 6 ya nyama kwa kuwa ndiko dawa inakopitia na ndiko inakokawia, na pia kwa sababu watu hula figo kidogo kuliko nyama. Kwa maziwa kiwango ni mikrogramu 100 kwa lita. Tuiweke namba hiyo kwenye chupa. OTC ya asilimia 20 ina miligramu 200 katika kila mililita, hivyo mililita 5 ni gramu moja nzima. Gramu moja inatosha kufikisha lita 10,000 za maziwa kwenye kikomo. Ng'ombe wa kilo 300 hudungwa mililita 30.

Hapa lipo kosa la dukani ambalo linawaponza wengi. OTC ya asilimia 10 na ile ya asilimia 20 inayodumu muda mrefu zinafanana rangi na pengine hata chupa. Ile inayodumu imetengenezwa ili ikae kwenye msuli pale ilipodungwa, ikitoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ni nafuu kwa mfugaji asiyeweza kudunga kila siku. Lakini dawa inayoingia polepole kwenye damu pia inatoka polepole. Kwa bidhaa nyingi za asilimia 20 lebo husema siku 28 kwa nyama na siku 7 kwa maziwa. Ile ya asilimia 10 kwa kawaida huwa na siku chache zaidi. Soma ya chupa uliyoishika mkononi, usitumie ya jirani.

Penstrep nayo ina lake. Lebo zake kadhaa hutenganisha: siku 21 kwa nyama, siku 45 kwa figo. Ile streptomaisini iliyomo hutoka kwa figo na hujishika kwenye figo zenyewe. Kwa maneno mengine, nyama ya mnyama inaweza kuwa imefika bucha kwa halali na figo zake bado zina wiki tatu za kusubiri. Nani kati ya wauza supu anaulizwa habari hiyo?

Mkoa wa Lindi unapakana na mapori ya Selous na Nyerere, na mbung'o si wageni. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu na wengine kuletwa Lindi, ng'ombe wameongezeka na dawa za ndorobo zinahitajika zaidi. Ile ya kutibu, inayojulikana zaidi kwa jina la Berenil, hudai wiki tatu au zaidi kabla ya kuchinja. Ile ya kinga, isometamidium, hubaki pale ilipodungwa na kumlinda ng'ombe kati ya miezi 2 na 4. Huwezi kupata ulinzi wa miezi na wakati huo huo kupata nyama safi baada ya wiki moja. Kwa sababu hiyo wataalamu husisitiza kudunga shingoni badala ya kwenye mnofu wa nyuma unaouzwa bei kubwa, ili mahali palipodungwa pawe rahisi kukatwa na kutupwa.

Jambo moja halimo kwenye lebo. Zile siku 28 ni za mnyama ambaye ini na figo zake zinafanya kazi vizuri. Mbuzi mahututi, asiyekunywa maji wala kukojoa vya kutosha, haondoi dawa kwa kasi hiyo. Kadhalika aliyedungwa mara mbili ya kipimo, au dawa isiyo ya aina yake. Yaani yule anayewahiwa kisu ndiye hasa ambaye namba za chupa hazimhusu tena. Anahitaji siku nyingi zaidi.

Maziwa na mayai

Damu inapita kwenye kiwele muda wote, na dawa inapita nayo. Wapo wanaotibu ugonjwa wa kiwele kwa kuweka tyubu kwenye chuchu moja kisha wakaendelea kuuza maziwa ya chuchu tatu zilizobaki. Dawa hunyonywa na damu kutoka sehemu iliyotibiwa na kuingia nyingine. Maziwa yote ya ng'ombe huyo yanasubiri.

Wengine hudhani kuchemsha kunamaliza. Kuchemsha kunaua vijidudu na ni lazima kuendelea kuchemsha, lakini penisilini na OTC hazimalizwi na sufuria ya nyumbani. Mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kuvimba au kutokwa na vipele kwa kikombe cha chai ya maziwa bila kujua kilichomsibu. Na bakteria wanaokutana kila siku na dawa kidogo isiyoweza kuwaua huzoea, ndio usugu unaosikika hospitalini pale vidonge vilivyokuwa vinatibu vinapogoma.

Anayeumia kwanza kifedha ni mtengeneza mtindi. Maziwa huganda kwa kazi ya bakteria wazuri, na antibayotiki haichagui mzuri na mbaya. Ndoo nzima inaweza kulala siku mbili ikiwa bado majimaji, au ikaharibika kwa harufu mbaya. Vipimo vya viwandani hutumia siri hiyo hiyo: huweka bakteria kwenye sampuli, na wasipokua, maziwa yanakataliwa. Mchuuzi asiye na kipimo anaweza kutenga kikombe cha maziwa anayoyashuku na kikombe cha yale anayoyaamini, akatia kijiko cha mtindi mzuri kila kimoja na kulinganisha kesho yake. Kikombe kikigoma, kuna jambo. Kikiganda si ushahidi kwamba ni salama, kwa kuwa kiasi kidogo cha dawa kinaweza kupita hapo.

Hesabu ya hasara ifanywe kabla ya kununua dawa. Ng'ombe wa lita 4 kwa siku akipewa dawa ya siku 7 za maziwa, lita 28 zinamwagwa shimoni. Akipewa ya siku 3, ni lita 12. Ugonjwa ndio unaoamua dawa, si mkoba, lakini zinapokuwepo dawa mbili zinazofaa, tofauti hiyo ya lita 16 ni halali kuiuliza kwa bwana mifugo. Tofauti ya bei ya chupa huenda ikawa ndogo kuliko hiyo.

Kwa mayai mambo ni ya ajabu kidogo. Kiini cha yai hujazwa kwa muda wa siku kama 10 ndani ya kuku kabla yai halijatagwa, na viini kadhaa hukua pamoja kwa zamu, kimoja kikubwa na kingine kidogo. Kuku akinywa dawa leo, inaingia kwenye viini vyote vinavyokua wakati huo. Hivyo hata damu yake ikishakuwa safi, mayai ya siku zijazo bado yanatoka na dawa ya wiki iliyopita. Ndiyo maana baadhi ya antibayotiki zina katazo kabisa kwa kuku wa mayai. Amprolium, dawa ya kuhara damu inayouzwa sana, kwa lebo nyingi haina siku za kusubiri kwa mayai. Iulizie.

Nyingi ya dawa zinazotiwa kwenye maji ya kuku hata hazina kazi. Kideri husababishwa na virusi, na hakuna OTC wala kidonge cha rangi mbili kinachokitibu. Kinachofaa ni chanjo, kama ile ya I-2 ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Mfugaji anayetia antibayotiki kwenye kideri anapoteza kuku, fedha ya dawa, na wale wachache wanaopona anawauza wakiwa na dawa mwilini. Nchini Uganda mwaka 2023 mamlaka ya dawa ilikiri bungeni kwamba wapo waliokuwa wakiwapa nguruwe na kuku dawa za kufubaza virusi vya ukimwi. 

Uamuzi kabla ya sindano

Turudi kwa mbuzi wa Mandawa. Kosa la mwenye mbuzi halikuwa kisu. Lilikuwa kutoamua kabla ya sindano. Mnyama anapoanza kuugua kuna njia mbili: aitwe bwana mifugo amkague, na kama anafaa kuliwa achinjwe bila dawa, au atibiwe. Akishadungwa OTC ya asilimia 20, mwenye mbuzi amejifunga siku 28, na mbuzi akifa ndani ya siku hizo hafai kuwa kitoweo. Anafukiwa. Inauma, hasa kwa mwenye mbuzi watatu tu, lakini ni afadhali aumie akijua mapema na kupima: kwa hali ya mnyama huyu na bei ya chupa hii, niingie kwenye matibabu au nisiingie?

Na afukiwe kweli, asitupwe porini. Huko India na Pakistan tai walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliodungwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo huharibu figo za ndege hao. Wanasayansi waliibaini sababu mwaka 2004, na mwaka 2006 nchi hizo pamoja na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo.

Kwa anayeuza kwa msimu, kalenda inasaidia. Mbuzi wengi wa wilaya hizi huuzwa minada ya korosho ya RUNALI ikishaanza, kuanzia Oktoba, na wengine Idd el Hajj, ambayo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Dawa ya minyoo na sindano za ivermectin, ambayo nayo huwa na siku 28 au zaidi kwa nyama, zitolewe mwezi mmoja na nusu kabla ya msimu. Mbuzi atakuwa na muda wa kunenepa baada ya minyoo kutoka, na siku zitakuwa zimetimia mnunuzi anapofika.

Mchuuzi aulize maswali mawili tu: amedungwa nini, na lini? Bei ikishuka ghafla kuliko ya soko na kuna uvimbe shingoni, jibu analo hata kama haambiwi.

Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, mnyama, dawa, kipimo, na tarehe ya kumaliza kusubiri. Mfano: mbuzi jike mweusi, OTC 20, kilo 25, mililita 2.5, tarehe 3 Septemba. Ruksa kuuza 1 Oktoba. Sindano ikirudiwa tarehe 6, futa ile ya kwanza na kuandika 4 Oktoba, kwa sababu siku zinahesabiwa kuanzia sindano ya mwisho.